Snodropu: ipi ni ipi, na ipi uiweke kwenye bustani yako

Kama pesa yako inatosha kununua aina moja tu ya snodropu, nunua inayoitwa 'S. Arnott' alafu urudi usome yaliyobaki taratibu. Nasema mapema kwa sababu kila mwezi wa kwanza ukielekea kuisha napata meseji zilezile kutoka kwa wenzangu tunaoishi huku Uingereza, mtu kapata nyumba yenye kibustani nyuma, kaona kwa jirani vile viua vyeupe vimeinamisha vichwa wakati kila kitu kingine kimelala kwa baridi, na yeye anataka, akiingia mtandaoni anakuta majina mamia, bei za kila namna, na picha zote zinafanana. Ua jeupe, doa la kijani, basi. Huu ni mwaka wangu wa 11 nazilea kwenye udongo mzito wa mfinyanzi na nimejifunza jambo moja ambalo nalishikilia kabisa: usianze na jina, anza na majani. Jina unaweza kuuziwa la uongo ila majani hayadanganyi.

Kwanza hakikisha hiyo uliyoiona ni snodropu kweli. Kuna ndugu yake anaitwa Leucojum, na yeye mweupe, na yeye anainama, na anatoka karibu wakati huohuo. Hesabu petali. Leucojum anazo sita za urefu sawa na kila moja ina nukta ya kijani kwenye ncha, ukimwangalia ni kama kengele au kivuli cha taa. Snodropu, ambayo kwa jina la kitaalamu ni Galanthus, ina tatu ndefu za nje zinazofunguka kama mabawa na tatu fupi za ndani zilizobanana kama kikombe, na ile alama ya kijani mara nyingi iko kwenye hizi za ndani. Ukishaliona hilo mara moja huchanganyi tena.

Sasa majani. Hapa inabidi upige magoti, mi huweka mfuko wa plastiki chini maana nyasi za Februari zimelowa, alafu unatenganisha majani kwa vidole taratibu mpaka chini kabisa pale yanapotokea ardhini. Angalia yale majani mawili yamekaa vipi. Kama yamebanwa bapa kwa bapa, kama viganja viwili vilivyowekwa pamoja, hiyo ni nivalis, snodropu ya kawaida. Kama jani moja limelizunguka jenzake kama mtu aliyejifunga kanga, hiyo ni elwesii au woronowii. Kama kingo za jani zimekunjwa kwa nyuma kama upindo wa kanga iliyoshonwa, hiyo ni plicatus. Ndio hivo tu, na ni alama nzuri kuliko hata ua lenyewe, kwa sababu doa la kijani linabadilikabadilika mmea kwa mmea ila mkao wa majani unabaki. Ukikuta mchanganyiko, mfano kanga nusu na upindo nusu, basi una chotara, na chotara ni wengi maana nyuki hawabagui na hizi zote zinazaana zikikaa karibu.

Tuziweke hizo nne pembeni kwa pembeni.

Nivalis ni ndogo, sentimita 10 hadi 15, majani membamba ya kijani ya kijivu, alama moja ya kijani kama V iliyopinduliwa. Watu wengi wanadhani ni mmea wa asili wa hapa, kumbe uliletwa, kwao ni bara la Ulaya kuanzia milima ya Pyrenees mpaka Ukraine. Ni rahisi, inavumilia, inasambaa yenyewe kwa kugawanyika na kwa mbegu, na mbegu zake zina kipande cha mafuta ambacho sisimizi wanakipenda, wanazibeba, wanakula kile kipande na mbegu inabaki huko ilikotupwa, ndio maana unakuta mche umeota kwenye ufa wa saruji na hukupanda kitu. Kama una mti unaopukutisha majani na chini yake hamna kitu kinachoota, weka nivalis hata 100, acha, usizisumbue. Kwa matumizi hayo sijaona ya kuishinda.

Elwesii ni kubwa, majani mapana ya rangi ya kijivu karibu na bluu, ua limejaa, na kwenye petali za ndani mara nyingi ina madoa mawili, moja kwenye ncha na moja karibu na shina, saa ingine yanaungana yanakuwa kama X. Jina linatokana na Henry John Elwes aliyeikuta karibu na Izmir, Uturuki, mwaka 1874, na nyumbani kwa Elwes, Colesbourne huko Gloucestershire, mpaka leo watu wanaenda kutazama snodropu kila msimu. Kwa sababu ya asili yake inapenda jua zaidi na udongo unaopitisha maji, inataka kiangazi kikavukavu kuliko nivalis. Kwenye mfinyanzi wangu fungu la kwanza lilioza, la pili nikalipanda kwenye tuta nililochanganya kokoto ndogo na hilo lipo mpaka leo, linachanua mwezi wa kwanza kabla ya nivalis. Kwaiyo kama bustani yako ni ya kichanga au iko mteremko, elwesii inakufaa kuliko hizo zingine zote. Kama maji yanatuama, achana nayo.

Woronowii utaijua hata bila kupiga magoti. Majani yake ni kijani ya kung'aa kama jani la limau baada ya mvua, wakati zingine zote zina ule ukijivu. Ua lake si kubwa, doa moja dogo kwenye ncha. Inatoka Georgia na maeneo ya Caucasus, inauzwa rahisi sana kwenye vikopo madukani kuanzia krismasi. Hata bila maua yale majani yanapendeza na kwenye kivuli inakwenda vizuri. Ila angalia, ndio inayouzwa sana kwa jina la mwenzake. Niliwahi kununua pakiti imeandikwa elwesii, matunguu 20 (vile vitunguu vya kupanda), mwezi wa pili yakatoka yote na yale majani ya kung'aa. Nikamwandikia muuzaji na picha, akarudisha hela, lakini msimu ndo ushapita.

Plicatus ndio yenye ule upindo, majani mapana yenye mstari katikati, asili yake Crimea na pande hizo za Bahari Nyeusi mpaka Romania na Uturuki, na inasimuliwa kwamba wanajeshi wa Uingereza waliorudi kutoka vita vya Crimea, 1853 mpaka 1856, walikuja na matunguu yake. Ina nguvu, inaota kwenye mfinyanzi bila shida. Kwa udongo mzito kama wangu mi naichagua kabla ya elwesii, na hata machotara mazuri mengi yana damu yake.

Kuna watu wanataka maua kabla ya krismasi. Hapo kuna reginae-olgae ya Ugiriki, imepewa jina la malkia Olga wa huko, inachanua mwezi wa 10 na wa 11, mara nyingi ua linatangulia na majani yanafuata, na yale majani yana mstari wa fedha katikati. Inataka sehemu yenye jua na kavu. Ukishindwa nayo, tafuta elwesii za kundi la Hiemalis, zinatoka mwezi wa 11 na 12 na ni imara zaidi.

Haya, majina makubwa. Hapa ndo watu wanapotea.

'S. Arnott' niliyoitaja juu imeitwa kwa jina la Samuel Arnott, aliyekuwa kiongozi wa mji wa Maxwelltown kule Dumfries, Scotland. Ni ndefu kidogo, kama sentimita 20, ua la duara lililokaa sawasawa, doa moja, na inanukia asali. Inanukia kweli, si maneno ya wauzaji, chuma mbili uziweke kwenye glasi juu ya meza ya jikoni, chumba kikipata joto utaisikia ukiwa mlangoni. Inagawanyika haraka, tunguu 3 nilizopanda zimekuwa fungu ambalo nimeshagawa mara mbili, na bei yake haiumizi.

'Magnet' ni mshindani wake na kwa urefu wanalingana. Tofauti iko kwenye kile kikonyo kinacholishika ua. Kwa 'S. Arnott' ni kifupi, ua limetulia, kwa 'Magnet' ni kirefu na chembamba kama uzi, upepo mdogo tu ua linacheza kama hereni kwenye sikio la mtu anayetembea. Ilitokana na kazi ya James Allen wa Shepton Mallet, Somerset, ambaye karne ya 19 alizalisha chotara zaidi ya 100 na nyingi zikaja kupotea. Kama unaiweka pale unapoiona kupitia dirishani, chukua 'Magnet', maana ule mchezo wa upepo unauona hata kwa mbali. Kama ni mlangoni pa kupitia, chukua 'S. Arnott', upate harufu.

'Atkinsii' inawatangulia wote wawili, mwezi wa kwanza imeshachanua, ndefu, petali ndefu nyembamba kama tone linalotaka kudondoka. Imetajwa kwa James Atkins wa Painswick, Gloucestershire, na kwenye bustani ya Rococo ya mji huohuo ipo kwa wingi mno. Ukiinunua angalia ua moja moja, maana kuna 'James Backhouse' inayochanganywa nayo, hiyo mara nyingi inatoa petali moja ya ziada iliyopinda vibaya. Ni mmea mzuri nao, ila kama ulilipia 'Atkinsii' una haki ya kupata 'Atkinsii'.

Zile zilizojaa petali: 'Flore Pleno' ni nivalis iliyojaa, ipo tangu karne ya 18, haitoi mbegu ila inagawanyika sana, ndani yake petali zimejaa bila mpangilio. 'Hippolyta' ni ya mpangilio, ukilinyanyua ua kwa kidole unaona petali za ndani zimepangwa kama sketi ya marinda. Ilitoka kwa Heyrick Greatorex wa Norfolk, aliyechukua chavua ya 'Flore Pleno' akaitia kwa plicatus, na watoto wengi akawapa majina ya wanawake kwenye tamthilia za Shakespeare, Ophelia, Titania, Cordelia, Desdemona. Zinafanana sana hizo, hata wenye uzoefu wanabishana, kwaiyo usilipe bei kubwa kwa Ophelia ukiwa una Titania. Kwa kutapanya chini ya mti 'Flore Pleno', kwa chungu cha karibu na mlango 'Hippolyta'.

Za manjano zinanigusa roho. Badala ya kijani, doa ni la manjano na kile kifuko cha mbegu juu ya ua nacho ni cha manjano. Kundi la Sandersii ni nivalis za manjano zilizopatikana Northumberland, nzuri ila dhaifu, kwangu zilipungua kila mwaka mpaka zikaisha. 'Wendy's Gold' ni plicatus, ilipatikana Wandlebury karibu na Cambridge, na kwa kuwa ni plicatus ina nguvu, upindo wa majani upo palepale. Hapo ndo ule ujuzi wa majani uliniokoa: mwaka juzi nikaletewa na posta 'Wendy's Gold' ambayo haijachanua bado, bei ya kuumiza, nikafungua majani nikakuta viganja viwili. Hamna upindo. Nikajua kabla ya ua kufunguka kwamba hiyo si yenyewe, na ilipofunguka doa lilikuwa la kijani. Kati ya hizo mbili sina mashaka, 'Wendy's Gold', na uiweke kwenye mwanga wa kutosha maana kivulini ule umanjano unafifia unaelekea kijani. Yupo na 'Lady Elphinstone', ya manjano na imejaa petali, huyo ukimhamisha anaweza kukutolea kijani mwaka mmoja au hata miwili kabla ya kurudi kwenye rangi yake, usimng'oe kwa hasira.

Kuhusu bei za juu, mwaka 2015 tunguu moja ya 'Golden Fleece' iliuzwa eBay paundi 1,390, na mwaka 2022 'Golden Tears' ikaenda paundi 1,850. Tunguu moja. Sababu ni kwamba aina yenye jina ni mmea mmoja tu uliogawanywa, kila tunguu ya 'S. Arnott' duniani ni kipande cha ile ya kwanza, na ile ya jana iliyogunduliwa vipande vyake bado ni vichache. Wataalamu wanazikata tunguu kwa kisu kisafi vipande vyembamba, kila kipande na magamba mawili yaliyoshikana na kitako, wanavifukia kwenye mfuko wenye unyevu mpaka vitoe vitoto. Miaka ikipita bei inashuka. Subira inalipa hapa, aina ambayo leo huiwezi utaiweza baada ya miaka michache.

Kununua kavu au mbichi? Mbichi, kama unaweza. Yani zile zinazong'olewa mwezi wa pili na wa tatu zikiwa na majani bado, unazipanda siku hiyohiyo, kina cha kama sentimita 10. Kavu za vuli zinafaa kama zimeng'olewa karibuni na bado ni ngumu ukizibonyeza, ila zilizokaa dukani mpaka zimesinyaa nyingi hazioti. Na zile mpya zikae kwenye chungu peke yake mwaka mmoja kabla ya kuchanganya, kuna ukungu wa kijivu unaoshika machipukizi na ukiingia kwenye fungu unamaliza. Jingine, uliza zimetoka wapi. Snodropu zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, za porini haziuzwi nje ya nchi bila kibali, sasa mtu akikuuzia gunia kwa bei ya bure jiulize.

Kwa wenye watoto: tunguu inafanana kabisa na kitunguu kidogo cha jikoni, na kweli wako familia moja, lakini hii ni sumu. Humohumo ndimo ilimopatikana galantamini, dawa ya wagonjwa wa Alzheimer, iliyotolewa kwanza kwenye woronowii huko Sovieti miaka ya 1950. Msiziache kwenye kaunta pamoja na vitunguu. Na wale wanaoniomba niwabebee Lushoto au Limuru, baridi ya kule ni nzuri kwetu sisi ila kwa snodropu haitoshi, tunguu linataka majira ya baridi ya kweli. Huko nyumbani mnaye ndugu yake wa porini, yule wa ua jekundu la mviringo kama mpira anayechomoza mvua zikianza, Scadoxus, mpandeni huyo.

Tumalizie na kupa majina, maana nimeulizwa sana. Mbegu ya 'S. Arnott' ikiota, huo mche SI 'S. Arnott'. Ni mtoto, na mtoto si mama, usimwandikie lebo ya mama wala usimgawie mtu kwa jina hilo, ndivyo majina yanavyoharibika. Jina la aina linaandikwa kwenye alama moja moja za kunukuu, na tangu 1959 jina jipya haliruhusiwi kuwa la Kilatini, lugha yoyote ya watu inafaa, Kiswahili nacho. Anayesajili majina ya snodropu duniani ni chama cha wakulima wa matunguu ya maua Uholanzi, KAVB. Lakini kabla ya hapo mche uchanue misimu kadhaa, uone kama doa linabaki vilevile, alafu ugawanyike na watoto wafanane na mama, na uulinganishe na zilizopo, maana zimeshapewa majina zaidi ya elfu na nyingi hazina tofauti yoyote ya maana.

Lebo nazo weka mbili, moja ya juu na moja uifukie pembeni ya tunguu, kwa sababu ndege weusi wanapotafuta minyoo wanazing'oa za juu. Na uandike kwa penseli, wino unafutika na jua.

Nyuma ya banda langu kuna mche mmoja ulioota wenyewe kati ya plicatus na fungu la elwesii, majani yana upindo upande mmoja na upande wa pili yamejifunga kanga, na doa lake ni nukta moja ndogo sana ya kijani pembeni kidogo, kama kipini kwenye pua ya bibi yangu wa Tanga. Nyumbani tunauita Kipini. Umechanua misimu mitatu na nukta haijahama, mwaka huu ndo umetoa tunguu la pili, kwaiyo nasubiri nione hilo nalo litakuja na nukta upande gani.